Polisi kata akija shuleni aje kufanya nini hasa? Wazazi na walimu wa Dodoma tusemezane

Baba Wawili (Jumamosi, saa 2:14 usiku)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite, sitamnunia.

Ni mjumbe wa bodi ya sekondari moja ya kata hapa Dodoma. Shule siitaji, kata siitaji, atakayeitambua akae nayo. Ni upande ambao zamani ulikuwa mashamba ya uwele na zabibu, leo ni mabati mapya mpaka mwenyeji anapotea akirudi kwake usiku. Sensa ya 2012 ilikuta mji wetu una watu laki nne na ushee. Ya 2022 ikakuta zaidi ya 765,000. Watu wamekuja na watoto wao, na wale bibi wa kibarazani waliokuwa wakimwona mtoto barabarani saa nne asubuhi wanauliza "wewe si wa fulani, mbona hauko shule?" hawajui tena nani ni wa nani.

Mkutano wangu wa kwanza wa bodi, ajenda ilikuwa utoro. Mkuu wa shule akasema amemwalika polisi kata asimame paredi Jumatatu awape watoto somo. Tukapiga makofi wote. Na mimi nilipiga.

Jumatatu nikaenda kushuhudia. Afande kasimama mbele, kombati imenyooka, kirungu kiunoni. Bangi ni jela. Wizi ni jela. Mimba ni jela miaka 30. Mtoro atakamatwa yeye na mzazi wake. Kama dakika 20 hivi. Watoto wakaitika "ndiyo afande" kwa sauti moja, akapanda pikipiki, vumbi likatulia, vipindi vikaendelea. Mwalimu wa zamu akaniambia kwa furaha, "Leo wameogopa."

Kweli waliogopa. Wiki kama ya tatu binti wa kidato cha pili akaacha kuja. Tulipofuatilia tukakuta ana ujauzito, mhusika ni kijana aliyekuwa akimpa lifti ya pikipiki asubuhi, maana nyumbani kwao hadi shule ni mwendo wa saa moja na nusu kwa mguu. Rafiki zake watatu walijua tangu mwanzo. Mwalimu wa kike alipowauliza mbona hamkusema, mmoja akajibu: "Afande alisema mimba ni jela miaka 30. Tukaogopa atafungwa."

Yaani wao walielewa kwamba atakayefungwa ni BINTI.

Nilikaa na neno hilo wiki nzima. Sheria ya Elimu ilivyorekebishwa 2016, miaka 30 ni ya mwanamume aliyempa mwanafunzi mimba. Binti si mshtakiwa, na tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu arudi darasani baada ya kujifungua. Afande yeye hakudanganya. Ila alisema kwa namna ambayo watoto waliohitaji kumkimbilia ndio waliomkimbia. Mpaka tunajua, kijana alishahama na pikipiki yake.

Afande yule baadaye akahamishwa, akaja mwingine, mkaguzi, nyota mbili begani, mtu wa maneno machache. Mkuu wa shule akamwandalia paredi. Akakataa. Akasema, "Nipeni kwanza wiki mbili niwajue wanapita wapi."

Alichofanya kilinishangaza. Saa 11 alfajiri alikwenda kwenye kile kitongoji cha mbali kuliko vyote, akatembea na watoto kwa mguu mpaka shuleni, yeye na mgambo mmoja wa kike. Njiani akaona mambo ambayo bodi nzima hatujawahi kuyaona, na wengine wetu tuna watoto pale! Kuna korongo ambalo ukishuka huonekani na mtu yeyote kwa dakika kama kumi. Kuna duka lenye mashine ya kamari, dubwi, nyuma ya pazia, saa moja asubuhi vijana wenye sare wanatumbukiza mia mbili mia mbili. Na kuna kijiwe cha bodaboda ambacho hata watoto wasio na nauli wanasimama hapo, wanasubiri "kaka" awabebe.

Kabla ya kuongea na mwanafunzi yeyote akaanzia kijiweni. Kisha kwa mwenye dubwi. Kisha akaenda kwenye mageto, vile vyumba wanavyopanga wanafunzi wa mbali, na hakwenda peke yake hata siku moja: yeye, mwenyekiti wa mtaa, na mwalimu wa malezi mwanamke. Ndipo akaja shuleni, tena Jumatano saa za michezo, akakaa kwenye benchi kama mzazi.

Sasa hoja yangu. Bodi yetu imegawanyika. Wapo wanaosema huyu afande ni mlegevu, shule inahitaji mtu wa kutisha. Wapo wanaosema polisi asikanyage shule kabisa, tutayamaliza wenyewe. Mimi naona wote wawili wanakosea, ila sijui nijenge vipi hoja mbele ya wajumbe. Kwenu huko mnafanyaje?

Kipusa wa Ilazo (saa 2:31 usiku)

Nimefika, nimekuja na kigoda changu na ubuyu. Endeleeni.

Mpinga Yote (saa 2:40 usiku)

Mnajisumbua. Polisi ni polisi. Leo anacheza na mwanao Jumatano, kesho anamkamata Alhamisi.

Chaki Nyeupe (saa 3:05 usiku)

Mleta uzi, mimi ni mwalimu wa nidhamu, mwaka wa 9 huu, wilaya ya Kongwa. Ngoja niseme upande wetu kabla hatujatupiwa lawama zote.

Mwalimu anamwita polisi kwa sababu mikono imeisha. Kanuni ya viboko inajulikana: visizidi vinne, apige mkuu wa shule au aliyempa ruhusa kwa maandishi, iandikwe kitabuni. Sawa, sibishani nayo. Lakini mzazi ukimwita haji, kikao cha kata mpaka mwezi ujao, na wanafunzi 60 wanakuangalia wewe utafanya nini. Namba ya afande ndiyo iko karibu.

Nilishawahi kuitumia vibaya, nakiri. Vijana wawili walipigana, mmoja akamchana mwenzake na bikari. Nikapiga simu. Wakachukuliwa, wakalazwa kituoni (sikitaji) chumba kimoja na watu wazima. Baba wa mmoja akakopa hela kumtoa mwanawe, sikuuliza alizitoa kwa nani. Kijana yule hakurudi shule tena. Nilimwona mnadani mwaka uliofuata anashusha mahindi kwenye lori, akanisalimia "shikamoo mwalimu" kwa heshima zote. Bora angenitukana.

Sasa nina kanuni yangu: simu ya polisi haipigwi nikiwa na hasira. Nalala nayo kwanza. Kama mtoto yuko hatarini silali, napiga saa hiyo hiyo. Kama mtoto kanikera tu, asubuhi naona halikuwa la polisi.

Kuhusu mageto umegonga penyewe. Huku kwetu mtoto wa miaka 15 anapanga chumba cha elfu nane kwa mwezi, analetewa debe la unga na baba yake kila mwezi, unga ukiisha tarehe 20 zile siku 10 zinazobaki nani anamlisha? Hapo ndipo penye kazi, paredi haifiki huko.

Kishandu (saa 3:22 usiku)

Nimeshaitambua kata. Na kijiwe kinachosemwa ni changu 😂

Mzee Baba Wawili umesema ukweli lakini umeubeba nusu. Tuko karibu 40 pale. Wenye tabia ile ni watatu, na sisi wenyewe tunawajua. Mtauliza kwa nini hatukusema. Nitawaambia. Afande wa kwanza tulimjua kwa jambo moja: kukamata pikipiki. Huna kofia ya pili, kamata. Kiakisi mwanga kimechanika, kamata. Siku pikipiki yangu iko uani kituoni, mimi nalala na deni la mwenye chombo, halafu jioni yule yule ananiambia "nipe taarifa za wanaosumbua wanafunzi". Nimpe kwa moyo gani?

Huyu wa sasa alikuja kwa mguu. Akaagiza chai kwa mama ntilie, akatununulia na sisi. Nusu saa hakusema neno la wanafunzi. Akauliza tu mwenyekiti wa kijiwe ni nani, daftari la wanachama liko wapi. Hatukuwa nalo. Akasema andikeni, kila mtu jina, namba ya chombo na anakolala. Sisi tukaona kumbe hata kwetu ni usalama, maana bodaboda tunauawa usiku na chombo kinaibwa. Baada ya daftari wale watatu wakawa hawataki kuandika. Tukawaambia basi msipaki hapa. Afande hakukamata mtu, kijiwe ndicho kilichowatoa.

Baba Wawili (saa 3:30 usiku)

Kishandu, nilisema atakayeitambua akae nayo! Hata hivyo asante, hilo la daftari sikulijua. Sisi kwenye bodi tuliambiwa tu "afande amewaondoa wahuni".

Mama Watatu (saa 3:41 usiku)

Hilo dubwi ndilo lililonileta. Kijana wangu yuko darasa la sita. Nilianza kuona chenji ya sukari hairudi. Kisha hela ya kusaga. Kisha akauza daftari, nakwambia DAFTARI, lililoandikwa nusu, muuza karanga akaliona karatasi. Nilimfuata kimyakimya, nikamkuta amesimama nyuma ya pazia na wenzake watano, mdogo kuliko wote hata meno ya mbele hajaota vizuri.

Michezo ya kubahatisha sheria inasema chini ya miaka 18 marufuku. Nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, akaniambia mwenye duka ana leseni. Leseni ya kuchezesha watoto? Akaniambia nenda polisi. Kituoni nikaambiwa mama, mlee mwanao.

Kilichosaidia mwisho ni kikao cha wazazi shuleni. Tulikwenda kina mama 11 kwa mwenye duka, na polisi kata tukamwomba aje asimame nyuma yetu tu, asiseme kitu. Hakusema. Mwenye duka aliitoa mashine mwenyewe kabla ya jua kuzama. Ila nasikia iko mtaa wa pili.

Mpinga Yote (saa 3:44 usiku)

"Nasikia iko mtaa wa pili." Si nilisema?

Mama Watatu (saa 3:46 usiku)

Basi na wewe una jirani huko mtaa wa pili, nyanyukeni.

Nimestaafu Salama (Jumapili, saa 1:10 asubuhi)

Habari za asubuhi. Nimetumikia Jeshi la Polisi zaidi ya miaka 30, mingi kanda hii ya kati. Sasa nafuga kuku Bahi. Nitasema machache ya kazi.

Polisi jamii ilipoanza kusukumwa kwa nguvu wakati wa mkuu wa jeshi, IGP Said Mwema, baada ya 2006, wengi wetu tuliicheka. Tulizoea taarifa ije kituoni na mlalamikaji. Kwenda kuketi na watu wakati hakuna kosa tuliona ni uvivu. Baadaye kukawa na polisi wa kata, sasa hivi wanapelekwa hata wenye cheo cha mkaguzi. Wazo ni kwamba awe na uwezo wa kuamua huko huko, na aketi kwenye kamati ya ulinzi na usalama ya kata akiwa mtu wa kusikilizwa.

Mwalimu Chaki, kwa vijana wako wawili: mtoto hapaswi kuwekwa mahabusu na watu wazima, Sheria ya Mtoto ya 2009 iko wazi. Aliyewalaza vile alikosea. Na dhamana ni bure, imebandikwa ukutani vituoni, tatizo anayeisoma ni anayetoka, anayeingia hana muda wa kusoma. Jambo jingine walimu wengi hawalijui: mtoto chini ya miaka 10 hana jinai hata afanye nini. Kati ya 10 na 12 mpaka ithibitishwe kwamba alijua anachofanya hakifai. Kwa hiyo ukiniletea mtoto wa darasa la tatu kwa kuiba penseli, unamtia hofu yeye na kunipotezea muda mimi.

Kwa upande wa ukatili, wazazi shikeni hili. Mtoto akiingiliwa, msimwogeshe, nguo msifue, zifungeni kwenye karatasi au khanga safi, si mfuko wa plastiki. Fikeni hospitali ndani ya saa 72 kwa ajili ya dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. PF3, ile fomu ya polisi ya kupelekea matibabu, ni bure. Hospitali yenye kituo cha Mkono kwa Mkono, polisi, daktari na ustawi wa jamii mnawakuta sehemu moja, mtoto hasimulii mara nne kwa watu wanne. Kituoni ulizeni Dawati la Jinsia na Watoto, msikubali kuhojiwa kaunta mbele za watu. Usiku wa manane huna pa kwenda, piga 116, ni simu ya watoto, haikati salio.

Kipusa wa Ilazo (saa 1:25 asubuhi)

Shikamoo mzee. Hiyo ya mfuko wa plastiki nisingeijua maisha yangu yote.

Nimestaafu Salama (saa 1:29 asubuhi)

Marahaba. Plastiki inatunza unyevu, ushahidi unaoza.

Wakili wa Mtaani (saa 4:02 asubuhi)

Nachangia kidogo kwa sababu nimeona "tutayamaliza wenyewe".

Kesi nyingi za mimba za wanafunzi hazifi kwa sababu polisi hakukamata. Zinakufa kizimbani kwa kukosa shahidi. Familia mbili zinakaa, ng'ombe wanne watano wanahama zizi, binti anapelekwa kwa shangazi yake Kiteto au Morogoro, siku ya kesi mwendesha mashtaka anaita jina hakuna anayeitika. Inaahirishwa, inaahirishwa tena, inafutwa. Mtaani wanasema "polisi kala hela". Wakati mwingine kala. Mara nyingi aliyekula ni mjomba.

Mkuu wa shule anayekaa kikao cha namna hiyo kama shahidi wa makubaliano anajitafutia balaa. Sheria ya Mtoto inamtaka yeyote mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa serikali za mitaa. Hakuna palipoandikwa "isipokuwa wakielewana".

Na watoto wadogo wanaweza kutoa ushahidi. Tangu marekebisho ya 2016, mtoto asiyezidi miaka 14 si lazima ale kiapo, anaahidi tu mahakama kwamba atasema kweli na hatasema uongo. Nimeona binti wa miaka 9 akisimama vizuri kuliko mashahidi wakubwa. Lakini alikuwa na askari wa dawati aliyekuwa akimtembelea shuleni kila baada ya wiki mbili, kumsalimia tu, asisahau kwamba kuna mtu anamsubiri. Hapo ndipo polisi na shule wanahitajiana.

Nyuki wa Manyoni (saa 6:15 mchana)

Naomba niongeze lililo gumu kuandika. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mkoa wa Singida, lakini najua ndugu zangu wa Dodoma mnalo pia.

Ukeketaji umekatazwa na sheria tangu 1998. Polisi wakaja shuleni, likizo ya Desemba wakawa wanafuatilia wasichana wakubwa. Ikaonekana umeisha. Haukuisha, umehamia kwa wachanga. Mtoto akipata maambukizi sehemu za siri, wazee wanasema ni lawalawa, na dawa ya lawalawa ni kukata. Kitendo kinafanyika ndani, mtoto ana siku au miezi, kilio chake hakina tofauti na cha mtoto yeyote.

Kwa hiyo mnapozungumzia afande kuzoeana na wanafunzi, mimi nasema hivi: taarifa mbili nilizowahi kupata mapema zilitoka kwa wasichana wa darasa la tano na la sita. Mmoja alimwambia mwalimu, "Bibi amekuja kwa ajili ya mdogo wangu." Sentensi hiyo tu. Mwalimu akaelewa, akanipigia, nikampigia askari wa kata, tukafika tukajifanya tumekuja kupima uzito wa mtoto. Bibi aliondoka na kikapu chake. Hatukumfunga mtu siku ile, wapo watakaosema tulikosea. Mtoto alibaki mzima. Tumeendelea kumpima uzito mpaka leo.

Chaki Nyeupe (saa 6:40 mchana)

Dada Nyuki, pokea heshima yangu.

Aliyemaliza Juzi (saa 10:20 jioni)

Wakubwa shikamooni. Nimemaliza kidato cha nne juzijuzi, nimeona mnatujadili bila sisi, nikasema niingie 😅

Kwetu alikuwepo afande anacheza golikipa Jumatano. Mbovu jamani. Form One walimfunga magoli matano, la tano alijifunga mwenyewe. Lakini kila mtu alimjua kwa jina, na alikuwa anatujua kwa majina ya utani. Siku moja kuna picha za binti wa darasa letu zilianza kuzunguka WhatsApp, alizituma kwa mpenzi wake, mpenzi akazirusha kwenye grupu. Tulimfuata yule afande uwanjani. Hakumwita binti ofisini. Alimtafuta aliyezirusha, akamwita na mama yake, akawaeleza kinachoweza kumpata mtu anayesambaza picha za mtoto chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Jioni kila mmoja kwenye grupu alikuwa anafuta mpaka picha za harusi.

Tungekuwa na yule wa kirungu tungekaa kimya.

Ila na mimi nina lawama. Sanduku la maoni. Jamani sanduku la maoni lina kufuli, ufunguo anao mkuu wa shule, malalamiko mengine ni ya mwalimu rafiki yake mkuu wa shule. Nani ataandika? Kwetu walikuwa wanaandika tu "wali uongezwe".

Baba Wawili (Alhamisi, saa 12:05 jioni)

Mwanangu umeniamsha. Letu lina ufunguo mmoja, na nimeshawahi kuuona kwenye meza ya mkuu, umefungiwa na funguo za stoo.

Wiki hii nimepeleka pendekezo liwe na kufuli mbili, mmoja ashike mwalimu wa malezi wa dawati la ulinzi wa mtoto pale shuleni, mwingine afisa ustawi wa kata, lifunguliwe Ijumaa wote wawili wakiwepo. Polisi asishike ufunguo. Mkaguzi mwenyewe ndiye aliyesema hivyo, akaniambia, "Mkinipa mimi wataandika wanachotaka nisome."

Mjumbe mmoja kaniuliza kama siwaamini walimu. Nikamwambia hata sadaka kanisani inahesabiwa na watu wawili.

Mpinga Yote (saa 12:30 jioni)

Hiyo ya sadaka nimeipenda. Lakini swali langu hamjalijibu: huyo mkaguzi mzuri akihamishwa?

Baba Wawili (Jumanne ya wiki ya pili, saa 1:50 usiku)

Mpinga Yote, mdomo wako una nini? Amehamishwa. Kapata uhamisho jana, anakwenda mkoa mwingine, wiki moja ya kukabidhi.

Nimemkuta ofisini kwa mtendaji anapanga mafaili. Nikamuuliza daftari la kijiwe, ramani ya njia za watoto, majina ya wenye mageto, vyote unaacha wapi? Akafungua droo, akanionyesha daftari la kaunta lenye jalada gumu, ameandika kila kitu kwa mkono, hata korongo amelichora. Kasema nakala moja anaacha kwa mtendaji, moja kwa mwalimu wa malezi. Halafu akasema, "Daftari wataliona. Watu ndio sijui."

Mrithi wake amefika leo. Ameshapiga simu shuleni, anaomba paredi ya Jumatatu. Mkuu wa shule amefurahi, ameshaazima na kipaza sauti.

Kipusa wa Ilazo (saa 1:58 usiku)

Weeee.

Nimestaafu Salama (saa 2:10 usiku)

Usimpinge paredi, utamkwaza siku ya kwanza. Mwache asimame. Wewe fanya awe ameshawaona kabla ya kusimama.

Kishandu (saa 2:17 usiku)

Mlete kijiweni kesho saa 10. Chai safari hii tunanunua sisi.

Baba Wawili (saa 2:49 usiku)

Nimempigia. Anaonekana kijana. Amekaa kimya kidogo, akauliza kijiwe kiko wapi.

Kishandu (saa 2:51 usiku)

Mwambie chini ya mkwaju, mkabala na duka lililokuwa na dubwi. Na asije na pikipiki.